"Sijui nisome nini": nadharia za ukuaji wa kikazi na fundo linalofunguliwa na kila moja

Binti wa kidato cha nne anabisha hodi ofisini kwa mwalimu wa unasihi, anaamkia, anaketi, kisha anasema: "Mwalimu, sijui nisome nini." Kinachofuata mara nyingi kinajulikana. Mwalimu anauliza ni somo gani linampa alama nzuri, binti anajibu Biolojia, mwalimu anamshauri ajaze tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), na kikao kinakwisha kabla chai haijapoa. Kama shule imejaliwa, pengine anapewa dodoso la mapendeleo, anajaza, anasomewa herufi tatu, anaaga.

Shida ni kwamba maneno yale matatu yanaweza kubeba mizigo isiyofanana hata kidogo. Mmoja hajui kazi zipo zipi. Mwingine anazijua, ila hajijui mwenyewe. Wa tatu anajua kabisa anachotaka, lakini baba amekwisha kusema uhandisi. Wa nne aliitupa ndoto yake akiwa darasa la tatu kwa sababu "hiyo ni kazi ya wanaume", na sasa hata haikumbuki. Wa tano anaamini hawezi. Wa sita hana nauli ya kufika chuoni, na swali la kupenda au kutopenda halijamfikia bado. Ukimpa kila mmoja wao dodoso lilelile, utakuwa umemsaidia mmoja au wawili.

Nadharia za ukuaji wa kikazi zimekuwa zikijengwa kwa zaidi ya miaka 100, na vyuoni hufundishwa kwa mpangilio wa tarehe, kana kwamba kila mpya ilikuja kuizika ya zamani. Mwanafunzi wa unasihi anatoka amekariri majina na miaka, lakini mbele ya yule binti hajui ashike lipi. Itamfaa zaidi kuuliza jambo moja tu juu ya kila nadharia: hii ilibuniwa kujibu swali gani? Ukilijua swali lake, unajua ni nani wa kumtumilia.

Kabla ya dawa, pima

Mwaka 1996 Itamar Gati na wenzake walipanga ugumu wa kuamua kazi katika mafungu makubwa matatu, na mpangilio wao ni kipimo kizuri cha kuanzia. Fungu la kwanza ni la mtu ambaye hajawa tayari: hana msukumo, au ni mtu wa kusitasita katika kila jambo, au ameshika imani potofu kama ile ya kwamba kuna kazi moja tu aliyoumbiwa. La pili ni upungufu wa taarifa: juu yake mwenyewe, juu ya kazi, juu ya namna ya kuamua, au juu ya mahali pa kuzipata taarifa hizo. La tatu ni taarifa zinazogongana: za kuaminika na zisizoaminika, moyo unavuta huku na alama zinavuta kule, au mtu na wazee wake hawakubaliani.

Kwa vitendo, dakika 15 za mwanzo zinatosha kulijua fungu. Uliza: "Kama ungelazimika kuchagua leo jioni, ungechagua nini?" Mwenye jibu la haraka linalofuatwa na "lakini" yuko fungu la tatu, isikilize hiyo "lakini", kwa maana ndilo fundo lenyewe. Asiye na jibu kabisa, muulize ataje kazi 10 na mtu mmoja anayemfahamu katika kila kazi. Akikwama kwenye ya nne au ya tano, na zile alizotaja ni daktari, mwalimu, mwanasheria na askari, huyo anakosa taarifa. Anayetaja zote 10 bila kujali yoyote hajawa tayari. Kumpa vipeperushi vya vyuo wakati huo ni kama kumtandikia kitanda mtu asiye na usingizi.

Kosa linalotokea sana hapa ni kuchukulia kila asiyeamua kuwa anakosa taarifa. Taarifa ni rahisi kutoa, ndiyo sababu tunazitoa kwanza. Kwa mtu wa fungu la tatu zinaongeza mgongano, na anaondoka akiwa na vipeperushi vitano na usingizi mchache zaidi.

Kulinganisha mtu na kazi

Nadharia kongwe inajibu swali hili: mtu huyu anafanana na kazi gani? Frank Parsons alifungua ofisi ya ushauri wa kazi mjini Boston mwaka 1908, wakati vijana, wengi wao watoto wa wahamiaji, walipokuwa wakitoka shule na kuangukia kiwanda chochote kilichokuwa karibu. Alifariki mwaka huohuo, na kitabu chake kikatoka 1909. Hoja yake ina sehemu tatu: ijue nafsi yako, zijue kazi na masharti yake, kisha fikiri kwa uaminifu uhusiano wa hivyo viwili. Karne nzima ya unasihi wa kazi imejengwa juu ya msingi huo.

Aliyeupa msingi huo kuta na paa ni John Holland, ambaye wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa akiwahoji askari na kuwapanga. Katika nadharia aliyoitoa mwaka 1959 alisema mapendeleo ya watu, na mazingira ya kazi vilevile, yanaweza kugawanywa katika aina sita, kila moja na herufi yake. R ni mtu wa vitendo: zana, mashine, shamba, mifugo. I ni mchunguzi, anayetaka kujua kwa nini. A ni msanii. S ni mlezi, anayefundisha, kuuguza na kusikiliza. E ni mshawishi, wa kuuza, kuongoza na kuanzisha. C ni mratibu, wa kumbukumbu, hesabu na utaratibu. Zinapangwa kwenye pembe sita kwa mfuatano huo, R, I, A, S, E, C, na mpangilio wenyewe una maana: zilizo jirani zinafanana, zinazotazamana zinatofautiana kabisa. R inaikabili S, I inaikabili E, A inaikabili C. Mtu ambaye herufi zake mbili za juu ni A na C ana mvutano wa kweli ndani yake, na atahitaji mazungumzo marefu kuliko mwenye R na I.

Dodoso maarufu la Holland humpa kila aina alama kutoka sehemu nne: shughuli mtu anazopenda, mambo anayoyaweza, kazi zinazomvutia, na jinsi anavyojikadiria. Alama ya juu kwa kila aina ni 50. Herufi tatu zenye alama kubwa ndizo huitwa msimbo wake. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo madhara huanzia.

Kwanza, tofauti ndogo si tofauti. Kanuni inayotumika ni ya nane: aina mbili zikipishana kwa alama chini ya 8, zichukulie kuwa sawa. Mwenye S 34, I 31 na E 29 hana msimbo wa SIE peke yake. Ana vilevile SEI, ISE, IES, ESI na EIS, na kazi za misimbo yote sita zinastahili kutazamwa. Kumwambia kijana huyo "wewe ni SIE, kawe muuguzi" ni kumnyang'anya nusu ya milango yake kwa sababu ya alama tatu.

Pili, tazama umbo kabla ya herufi. Alama zote zikiwa chini, mathalani kati ya 6 na 12, usitangaze msimbo. Kijana huyo hajakutana na mambo ya kutosha kuyapenda au kuyachukia, au siku hiyo hakuwa na moyo, au ana jambo zito zaidi linalohitaji unasihi wa aina nyingine. Alama zote zikiwa juu, kuna mwenye vipawa vingi, na kuna aliyejibu "ndiyo" kila mahali ili kumridhisha mwalimu. Muulize mifano. Aliyesema anapenda kutengeneza vyombo vya umeme, alitengeneza nini mara ya mwisho?

Tatu, sehemu ya "mambo ninayoyaweza" inapima nafasi aliyopata mtu, haipimi kipawa peke yake. Kijana wa shule isiyo na maabara hawezi kusema amewahi kutumia darubini, na binti ambaye nyumbani hajawahi kukabidhiwa bisibisi atapata R ndogo hata kama mikono yake ni ya fundi. Vipengele vingine viliandikwa kwa maisha ya Marekani. Usivitafsiri neno kwa neno. Weka shughuli ya hapa yenye kazi ileile: kurekebisha taa ya sola, kuweka hesabu za kikoba, kuongoza kwaya, kufundisha wadogo mtaani.

Na hata dodoso likijazwa vizuri, kulandana kwa mtu na kazi yake kunaeleza sehemu ndogo tu ya kuridhika kwake. Mshahara, bosi, umbali wa nyumbani na usalama wa ajira vina sauti yao. Holland anamfaa yule asiyejua aanze kutazama upande gani. Kwa wengine ni kianzio cha mazungumzo, basi.

Milango iliyofungwa kabla ya kidato cha kwanza

Dodoso la mapendeleo linauliza unapenda nini leo. Haliulizi kilichokufa njiani. Swali hilo lilichukuliwa na Linda Gottfredson mwaka 1981, na kwa maoni yangu hakuna nadharia inayomfaa zaidi mwalimu wa Afrika Mashariki, ingawa hufundishwa kwa haraka.

Gottfredson anasema mtoto hachagui kazi kwa kuongeza, anachagua kwa kukata. Kati ya miaka 3 na 5 anaona ukubwa na nguvu: wakubwa wana kazi, wadogo hawana. Kati ya 6 na 8 anajifunza kazi za wanaume na za wanawake, na anakata zote za upande wa pili. Kati ya 9 na 13 anajifunza hadhi: anakata zile ambazo jamii yake inazidharau, na anakata pia zile anazoona ziko juu mno kwa mtu wa kwao. Ni kuanzia miaka 14 ndipo anaanza kuuliza "mimi napenda nini", na anauliza ndani ya kiuwanja kidogo kilichobaki. Kwa kuwa alikata akiwa mdogo, haoni kwamba kuna kilichokatwa.

Sasa linganisha umri huo na shule zetu. Nchini Tanzania mwanafunzi amezoea kugawanywa kwa michepuo anapoingia kidato cha tatu, na aliyeacha Fizikia hapo ameiaga PCM (Fizikia, Kemia na Hesabu) na PCB bila sherehe. Mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, ulioanza mwaka 2024 unamtaka aelekee upande mapema zaidi, kidato cha kwanza. Kenya, kundi la kwanza la Gredi ya 10 ni la mwaka 2026, na walichagua mmoja kati ya mikondo mitatu wakiwa Gredi ya 9: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Yaani tunamdai kijana uamuzi pale tu anapoanza kujiuliza swali. Kazi ya kupanua macho ilipaswa kufanyika darasa la tatu hadi la saba. Mgeni anayealikwa kuzungumza na kidato cha nne kuhusu wanawake mafundi angefaa zaidi akiwa mbele ya watoto wa miaka minane.

Gottfredson aliongeza kwamba mtu akilazimika kukubali pungufu ya alichotaka, huachia mapendeleo kwanza, hadhi baadaye, na mwisho kabisa ulinganifu wa jinsia. Tafiti zilizofuata hazikuunga mkono mfuatano huo kila mara, kwa hiyo usiufanye sheria. Ila sikiliza: kijana anayekataa uuguzi na kukubali kazi yoyote ya ofisini, huku akipenda kuhudumia wagonjwa, anakuonyesha kitu gani hasa hataki kukipoteza.

Nadharia ya pili inayohusu milango iliyofungwa ni ya Robert Lent, Steven Brown na Gail Hackett, ya mwaka 1994, iliyojengwa juu ya fikra za Albert Bandura kuhusu imani ya kujiweza. Hackett na Nancy Betz walikuwa wameonyesha tangu 1981 kwamba wanawake wengi hawakwepi fani fulani kwa kukosa uwezo. Wanazikwepa kwa kukosa imani kwamba wanaweza. Mtu akiamini hawezi, hajaribu. Asipojaribu, hapati ujuzi. Asipopata ujuzi, hapendi. Mwisho anasema "sipendi Hesabu", na dodoso linaandika hivyohivyo.

Imani hiyo ina visima vinne: kufanya mwenyewe na kufanikiwa, kumwona mtu anayefanana nawe akifanikiwa, kutiwa moyo na unayemwamini, na namna mwili unavyohisi wakati wa kazi yenyewe. Kisima cha kwanza kina maji mengi kuliko vyote, na cha tatu ndicho tunachokichota kila siku. "Jitahidi mwanangu, utaweza" ni maneno mazuri yasiyo na uzito kama hayafuatwi na tendo. Mwenye hofu ya Fizikia apewe mada moja, maswali matano, la kwanza rahisi, la tano la mtihani wa taifa, kwa wiki moja. Akifaulu, usiishie kumpongeza. Muulize: "Ulifanyaje hadi ukalipata hili la nne?" Wengi husema "lilikuwa rahisi tu", na ushindi unapita bila kuacha alama. Akitaja mwenyewe alichofanya, amejiwekea akiba. Na ukitafuta mfano wa kumwonyesha, mlete binti aliyemzidi miaka miwili au mitatu, wa shule za kata kama yeye. Waziri mwanamke ni wa kupigiwa makofi; huyo binti ni wa kufuatwa.

Kadi 42

Kuna zana moja rahisi inayozigusa nadharia hizi zote mezani. Mwanasaikolojia Leona Tyler aliitumia miaka ya 1960, na haihitaji kununua chochote zaidi ya karatasi mbili za manila. Kata kadi 42 zenye ukubwa wa karata. Andika kazi sita kwa kila aina ya Holland: mbili zinazofikiwa kwa ufundi stadi, mbili kwa stashahada, mbili kwa shahada. Hizo ni 36. Sita zilizobaki ziwe za eneo lenu: kama ni pwani, uvuvi wa kisasa, ukulima wa mwani, uongozaji watalii, kama ni nyanda za juu, kahawa, chai, maziwa. Nyuma ya kila kadi andika njia ya kuifikia.

Mshauriwa anazigawa katika mafungu matatu: ningechagua, nisingechagua, sina hakika. Mwache peke yake kwa dakika 10. Kisha acha fungu la "ningechagua" kama lilivyo. Chukua lile la "nisingechagua", umwombe aligawe upya kwa sababu: siipendi, siwezi, si ya mtu kama mimi, haina maslahi au ada haishikiki.

Kila kifungu kinakupeleka kwenye nadharia yake. "Siipendi" ni Holland, na inaheshimiwa. "Siwezi" ni imani ya kujiweza. Uliza amejuaje, mara ngapi alijaribu, nani alimwambia. "Si ya mtu kama mimi" ni Gottfredson. Uliza ni mtu gani basi ambaye ni yake, na subiri. "Ada haishikiki" ni habari ya taarifa na ya kipato, ambayo naifikia hivi punde. Kikao kizima kinaweza kumalizika hapa, na mara nyingi kadi mbili au tatu zinahama fungu mbele ya macho yenu bila mnasihi kusukuma.

Usimwelekeze mkono. Ukisema "mbona uashi umeuweka huku?", umekwisha kumwambia jibu unalolitaka. Uliza sababu za kadi zote kwa sauti ileile.

Umri, majukumu na wanaoanza upya

Donald Super alilitazama swali kwa upana wa maisha: mtu huyu yuko hatua gani? Kuanzia 1953 alieleza hatua tano. Kukua hadi miaka 14, kuchunguza kati ya 15 na 24, kujijenga 25 hadi 44, kudumisha 45 hadi 64, na kupumzika baada ya hapo. Umri huo ulitokana na wafanyakazi wa Marekani wa zama zake, na Super mwenyewe alikiri kwamba watu hurudia hatua. Mtu wa miaka 43 aliyepunguzwa kazini anarudi kuchunguza kama kijana. Kumpima kwa matarajio ya umri wake ni kumwongezea aibu.

Mwaka 1980 alichora upinde wa mvua wa majukumu: mtoto, mwanafunzi, mfanyakazi, raia, mzazi na mengineyo, kila moja likinenepa na kukonda kadiri ya miaka. Hapa kwetu kuna ukanda mmoja ambao haukondi mapema kama alivyochora. Kifungua mimba wa miaka 28 bado ni "mtoto" anayelipia wadogo zake ada, na hilo linaamua kama anaweza kuacha kazi yenye mshahara ili asome miaka mitatu. Mchoree duara za majukumu yake ya leo na za miaka mitano ijayo, kila duara kwa ukubwa wa muda na fedha linazokula. Mazungumzo ya "fuata ndoto yako" yatajirekebisha yenyewe.

Kwa mtu mzima mwenye historia, Mark Savickas anatoa njia nyingine. Haulizi unafanana na kazi gani; anauliza maisha yako yamekuwa yakisimulia nini. Mahojiano yake yana maswali machache: ulipokuwa mdogo uliwahusudu watu gani watatu ukiwaacha wazazi, unafuatilia magazeti au vipindi gani, hadithi ipi unaipenda, ni msemo gani unaouishi, na kumbukumbu zako tatu za mwanzo kabisa ni zipi. Wazazi wanaachwa kwa sababu hukuwachagua. Mashujaa uliwachagua, na sifa ulizoziona kwao ndizo ulizotaka kuzijenga ndani yako. Andika maneno yake kama alivyoyasema. Neno linalojirudia katika majibu matatu au manne, tuseme "kutetea" au "kuunda", ndilo uzi wa kuufuata. Mnasihi anayelibadilisha kuwa lugha ya kitaalamu ameukata uzi huo.

Mfuko na bahati

Takriban nadharia zote nilizozitaja ziliandikwa zikidhani kwamba mtu ana uwezo wa kuchagua, kisha soko lina nafasi ya kumpokea. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2018 iliweka ajira isiyo rasmi barani Afrika kuwa asilimia 85.8 ya ajira yote. Sehemu kubwa ya kazi ambazo washauriwa wetu watafanya haimo katika kijitabu chochote cha vyuo.

David Blustein, katika kazi aliyoitoa mwaka 2006, aliliweka jambo hili katikati: kazi humpa mtu riziki na nguvu, humwunganisha na watu, na humpa nafasi ya kujiamulia, na wengi duniani wanaihangaikia ile ya kwanza. Kwa mnasihi hili lina matokeo ya vitendo kabisa. Kabla ya kuongelea mapendeleo, kaa na mshauriwa mpige hesabu ya miezi 12 ya kila njia: ada, nauli, chakula, malazi, vifaa, na kipato kitakachokosekana nyumbani. Jueni masharti ya mkopo na nani anastahili. Mpango wenye jina zuri usio na mstari wa nauli huvunjika mwezi wa pili.

John Krumboltz naye aligeuza kilio cha kutoamua kuwa mtaji. Yeye na wenzake waliandika mwaka 1999 kwamba matukio yasiyotarajiwa hujenga safari za kazi za watu wengi, kwa hiyo afadhali kujifunza kuyakaribisha. Walitaja stadi tano: udadisi, uvumilivu, unyumbufu, matumaini na kuthubutu. Katika uchumi wa vibarua na biashara ndogo, nadharia hii ina miguu kuliko zote. Lakini isigeuzwe kuwa "subiri bahati". Inadai vitendo vidogo vyenye tarehe: ndani ya wiki mbili, zungumza na watu watatu wanaofanya kazi unayoiwazia, shinda siku mbili kwenye karakana, omba kumsaidia mpima ardhi kubeba vifaa. Kila unayemfikia, muulize bei ya vifaa vya kuanzia, miezi iliyo mikavu, na jambo ambalo angependa kuambiwa kabla hajaanza.

Mzazi akae wapi

Vitabu vingi vya nje huandika mzazi chini ya kichwa cha vikwazo. Hapa mzazi ndiye mlipa ada, na mara nyingi ukoo mzima umechanga. Anayeshika "udaktari au basi" huwa anatafuta usalama, na anajua njia nne tu za kuufikia. Mwite kikao cha tatu, mwanawe akiwepo, umwanzie kwa heshima: "Mzee, ukimtazama mwanao akiwa na miaka 35, unaomba awe na maisha gani?" Atataja mshahara wa uhakika, heshima, na kutohangaika. Andika. Kisha pimeni kila njia kwa vigezo hivyohivyo vya mzee, mkiongeza vya mtoto. Mathalani, mzee aliyeshikilia PCB mara nyingi hajui kwamba stashahada ya utabibu huanzia kidato cha nne, kwa ufaulu unaojumuisha Kemia, Biolojia na Fizikia, na kwamba kutoka hapo mtu anaweza kuendelea. Usimtume kijana peke yake akambishie baba yake nyumbani. Huko utakuwa umempa vita.

Vikao vingapi, vya nini

Steven Brown na Nancy Ryan Krane walipochambua tafiti za unasihi wa kazi mwaka 2000 waliona mambo matano yaliyobeba mafanikio: kuandika malengo na ulinganisho kwenye karatasi, kutafsiriwa matokeo ana kwa ana, taarifa za kazi zinazotafutwa na mshauriwa mwenyewe, kuona mifano ya watu, na kujengewa watu wa kumshika mkono. Waliona pia kwamba vikao vinne au vitano vina faida kubwa kuliko kimoja. Mwalimu mwenye wanafunzi 400 atacheka akisikia vikao vinne, ila vinaweza kugawanywa: kadi na dodoso kwa vikundi vya watu wanane, na kikao cha ana kwa ana kibaki kwa wale ambao kipimo cha Gati kimeonyesha fundo.

Mgawanyo unaofanya kazi ni huu. Kikao cha kwanza, dakika 45: kipimo na kadi, na kazi ya nyumbani ya kuzungumza na watu watatu. Cha pili, baada ya wiki mbili, asome mwenyewe alichoandika. Hapo ndipo dodoso la mapendeleo linaletwa, kama linahitajika. Cha tatu ni cha mzazi na hesabu za fedha. Cha nne ni jedwali: njia tatu au nne kwa upande, vigezo vitano au sita juu, kila kigezo na uzito wake kutoka 1 hadi 5. Jumla ikitoka na kijana akakunja uso, usimlazimishe kuifuata. Muulize ni kigezo gani hakikuandikwa. Aandike mlango wa kwanza, mlango wa pili, na kwa kila mlango hatua itakayofanyika ndani ya siku saba.

Kikao cha tano ndicho kinachosahaulika. Kiwekwe baada ya matokeo ya kidato cha nne, wakati mfumo wa TAMISEMI (ofisi ya serikali ya tawala za mikoa na serikali za mitaa) unapofunguliwa kwa muda maalumu ili wanafunzi wabadilishe machaguo ya tahasusi na vyuo. Siku hizo kijana amekwisha kuondoka shuleni, na aliyepata D ya Kemia anabaki peke yake na simu ya kuazima. Kabla hajaondoka shuleni mwezi wa Novemba, mpe karatasi yenye namba ya simu ya ofisi ya unasihi, milango yake miwili, na mstari mmoja unaosema alama zipi zitamhamisha kutoka mlango wa kwanza kwenda wa pili.